Namna ya Kurekebisha Mwitikio wa Pedali ya Mafuta Kupitia Kompyuta ya Injini ya Subaru

Madereva wengi wa Subaru zenye turbo zilizoagizwa kutoka Japani, iwe ni Legacy, Forester au Impreza, hulalamika kwa maneno yanayofanana: unakanyaga mafuta, gari linasita, kisha linaruka kupita kiasi ulichotaka. Lalamiko hilo lina msingi. Katika modeli zenye throto ya umeme, yaani kilango cha hewa ya injini kinachofunguliwa na mota, hakuna waya wa chuma unaotoka mguuni hadi kwenye injini. Kuna kompyuta katikati, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua kilango cha hewa kifunguke kiasi gani kwa kila kiwango cha kukanyaga. Kwa kuwa uamuzi huo umeandikwa katika majedwali ya namba, majedwali hayo yanaweza kusomwa, kueleweka na kubadilishwa.

Mwongozo huu unahusu kompyuta za Denso za biti 32 zilizo katika Subaru nyingi zenye throto ya umeme, na unatumia kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, inayounganisha kompyuta mpakato na gari, pamoja na programu mbili zinazopatikana bure, EcuFlash ya kusoma na kuandika kompyuta, na RomRaider ya kuhariri majedwali na kurekodi vipimo barabarani. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kazi hii haiongezi nguvu ya injini. Nguvu ya juu inabaki ileile, na kinachobadilika ni mahali ambapo mguu wako unaikuta katika safari ya pedali. Kwa maoni yangu pedali nzuri ni ile inayotoa kwa uwiano, yaani nyongeza ndogo ya mguu ilete nyongeza ndogo ya mwendo popote ulipo. Pedali kali inayomwaga nusu ya nguvu katika robo ya kwanza humfurahisha mnunuzi siku ya kwanza na kumchosha kwenye foleni kila siku baada ya hapo.

Jinsi amri inavyosafiri

Juu ya pedali kuna sensa mbili zinazopima jambo lile lile kwa volti tofauti, na kwenye throto kuna sensa nyingine mbili. Kompyuta hulinganisha kila jozi muda wote, na jozi moja isipoafikiana huwasha taa ya injini, hukata au hupunguza umeme wa mota ya throto, na kuacha springi ishikilie kilango katika upenyo mdogo unaotosha tu kulitoa gari barabarani. Kodi za hitilafu P2135 na P2138 ndizo zinazotokea mara nyingi katika hali hiyo, ya kwanza kwa sensa za throto na ya pili kwa sensa za pedali.

Baada ya kusoma pedali, kompyuta ya Subaru haiendi moja kwa moja kwenye kilango. Hatua ya kwanza ni kutafsiri asilimia ya pedali, pamoja na kasi ya injini, kuwa kiasi cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kinachoombwa. Jedwali la kazi hiyo huonekana kwenye RomRaider kwa jina la Requested Torque. Hatua ya pili ni kuchukua torki hiyo, kuiangalia tena pamoja na kasi ya injini, na kutoa kiwango cha ufunguzi wa kilango kutoka katika jedwali la Target Throttle. Tarakimu za torki zilizomo humo zisisomwe kama nguvu iliyopimwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Ni kipimo cha ndani ambacho kompyuta hutumia kuwasiliana na majedwali yake mengine.

Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote katika mwongozo huu. Torki inayoombwa haitumiwi na throto peke yake. Katika programu nyingi za kompyuta hizi, jedwali la shinikizo la turbo linalolengwa nalo husomwa kwa torki inayoombwa, na katika magari ya gia za otomatiki kompyuta ya gia hupokea taarifa za torki ili kuamua wakati wa kubadilisha gia na shinikizo la mafuta ya gia boksi. Kwa hiyo anayepandisha namba za pedali akidhani anagusa kilango tu, huenda pia anapandisha shinikizo la turbo katikati ya safari ya pedali na kubadilisha tabia ya gia boksi bila kukusudia.

Kuna pia suala la umbo la kilango chenyewe. Hewa inayopita haiongezeki sawasawa na ufunguzi. Injini ikizunguka taratibu, tuseme mizunguko 1,500 kwa dakika, kilango kilichofunguka karibu theluthi moja tayari hupitisha sehemu kubwa ya hewa ambayo injini inaweza kuvuta, na kukifungua zaidi hakuleti tofauti kubwa. Kasi ikipanda, ufunguzi ule ule unakuwa kizuizi. Hii ndiyo sababu majedwali yana mhimili wa kasi ya injini, na ndiyo sababu kuzidisha safu zote kwa asilimia moja huleta gari linalorukaruka mwendo wa chini na lisilobadilika chochote mwendo wa juu.

Kabla ya kugusa programu

Anza na vitu vya chuma na raba. Soma kodi zote zilizohifadhiwa, na kama kuna kodi yoyote ya pedali, throto au mfumo wa hewa, itengeneze kwanza. Kagua kilango cha throto, kwani kaboni iliyoganda pembeni mwake hufanya ufunguzi mdogo ukwame kisha uachie ghafla, jambo ambalo dereva hulihisi kama pedali mbovu. Kisafishe kwa kitambaa na dawa ya kusafishia throto, swichi ikiwa imezimwa, wala usikisukume kwa kidole wakati umeme umewashwa. Angalia pia mabomba ya kuingiza hewa na ya vakyumu kama yamepasuka, chujio la hewa, na sensa ya kupima hewa kama imeingia vumbi.

Halafu kagua mauntini za injini na ule mkono mfupi ulio juu ya gia boksi unaoshikana na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Raba zake zikichakaa, injini hucheza mbele na nyuma kila unapokanyaga na kuachia, na mshtuko huo hakuna jedwali linaloweza kuuondoa. Nimeona watu wakilipia kazi ya kompyuta kwa tatizo ambalo raba mbili mpya zingelimaliza.

Kama gari lako lina SI-DRIVE, mfumo ulioingia kwenye Legacy mwaka 2006, una kipimo cha bure. Zungusha swichi yake uendeshe barabara ile ile katika hali tatu za Intelligent, Sport na Sport Sharp. Kila moja ina jedwali lake la torki inayoombwa, hivyo unachohisi ni tofauti ya namba tu. Ukikuta mojawapo inakutosha, kazi imeisha hapo.

Kupima tatizo liko wapi

Neno "gari linachelewa" hubeba matatizo matatu tofauti, na ni lazima uyatenganishe kwa rekodi. Unganisha kebo kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, fungua sehemu ya kurekodi ya RomRaider, kisha chagua kiwango cha pedali, ufunguzi wa throto, torki inayoombwa, kasi ya injini, shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, kiasi cha hewa, na mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ongeza vipimo viwili vya usalama, yaani marekebisho yanayotokana na injini kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) na kile kizidishi cha muda wa kuwasha moto kinachoitwa IAM, ambacho katika kompyuta hizi hufikia 1 kama mambo ni mazuri. Usirundike vipimo vingi zaidi ya hivyo, kwa sababu magari ya zamani huwasiliana kwa kasi ya baudi 4,800 na kila kipimo cha ziada hupunguza idadi ya sampuli kwa sekunde.

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, mwenzako akae na kompyuta mpakato na dereva aangalie barabara tu. Ukiwa gia ya tatu, mizunguko takriban 2,000 kwa dakika, shikilia pedali asilimia 15 kisha ipeleke hadi asilimia 40 kwa mara moja na uishikilie kwa sekunde chache. Rudia mara kadhaa katika kasi tofauti za injini, kisha fungua rekodi na ufuatilie mistari.

Mstari wa throto ukipanda karibu pamoja na pedali, hewa ikaongezeka kidogo, na shinikizo likachukua sekunde moja au zaidi kujengeka, hiyo ni turbo inayosubiri moshi wa kuizungusha. Hakuna namba ya pedali itakayoifanya izunguke mapema. Mstari wa throto ukipanda lakini hewa na shinikizo vikabaki chini kuliko kawaida ya injini hiyo hata baada ya muda, tafuta uvujaji kati ya turbo na injini au chujio lililoziba. Bali pedali ikiwa asilimia 40 na torki inayoombwa ikawa bado ndogo, kisha ikaruka sana kati ya asilimia 45 na 60, hapo ndipo umekuta tatizo la jedwali, na hapo ndipo mwongozo huu unasaidia.

Wakazi wa nyanda za juu wazingatie jambo moja zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu ya lile la Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban moja ya tano. Pedali ile ile na kilango kile kile huleta hewa pungufu, na turbo hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kufikia shinikizo lile lile. Gari lililorekebishwa Mombasa litahisiwa zito Nairobi, na lililorekebishwa Nairobi kwa kuongeza namba litahisiwa kali mno likishuka pwani. Lirekebishe mahali linapofanya kazi siku nyingi, na uwe na kiasi kama gari husafiri kati ya sehemu hizo.

Kusoma na kuhifadhi faili asilia

Katika modeli nyingi za zamani ni lazima kuunganisha plagi mbili za kijani zilizo chini ya dashibodi ili kompyuta ikubali kusomwa na kuandikwa. Modeli za baadaye hazihitaji hivyo. Soma kompyuta yote kwa EcuFlash na uhifadhi faili hiyo kabla ya jambo lingine lolote, ukiipa jina lenye namba ya utambulisho wa programu, namba ya gari na tarehe. Weka nakala nje ya kompyuta mpakato. Usitumie faili ya gari la mtu mwingine hata kama ni la modeli na mwaka ule ule, kwa kuwa programu za soko la Japani, Ulaya na Marekani hutofautiana, na hata ndani ya soko moja namba za utambulisho ni nyingi.

Hakikisha kwamba faili ya ufafanuzi unayotumia, ile inayoiambia programu kila jedwali liko wapi ndani ya kumbukumbu, inalingana na namba hiyo kikamilifu. Ufafanuzi usio sahihi utakuonyesha jedwali linalofanana na la pedali kumbe ni sehemu nyingine ya kumbukumbu. Dalili ya ufafanuzi sahihi ni jedwali lenye mpangilio unaoeleweka: namba zinapanda kwenda kulia kadiri pedali inavyokanyagwa, bila kuruka ovyo.

Kuhariri jedwali la torki inayoombwa

Kwanza fungua jedwali la shinikizo la turbo linalolengwa na utazame mhimili wake. Kama umeandikwa kwa torki inayoombwa, jua kwamba kila badiliko litakalofanywa kwenye pedali litahamia pia kwenye turbo, na uandike pembeni thamani za shinikizo katika eneo unalotaka kugusa ili uzilinganishe baadaye.

Kisha fungua jedwali la pedali la hali moja tu. Kwa gari lenye SI-DRIVE ninashauri kuhariri hali ya Sport na kuacha nyingine mbili kama zilivyo, ili dereva awe na hali ya upole kwa tope na mvua, na awe na mahali pa kurudi kama marekebisho hayakumpendeza. Usiguse safu ya pedali asilimia 0 wala zile za mwanzo kabisa, kwani hizo zinahusika na mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta na wakati wa kuachia klachi. Usiguse pia safu ya asilimia 100, maana ukiiacha vilevile torki ya juu inayoombwa haitabadilika na shinikizo la juu la turbo halitapanda.

Eneo la kazi ni kati ya pedali asilimia 10 na 60, katika kasi za injini ambazo rekodi zako zimeonyesha kasoro. Chukua mfano wa hesabu tu: katika mizunguko 2,400 kwa dakika jedwali lina 70, 120 na 185 kwa pedali ya asilimia 20, 30 na 40, kisha linaruka hadi 290 kwa asilimia 50. Mruko wa 105 kati ya 40 na 50 ndio unaohisiwa mguuni kama gari kushtuka. Unaweza kupandisha tatu za kwanza hadi 76, 132 na 200, na kushusha ile ya nne hadi 275. Hatua sasa ni 56, 68 na 75, zinazopanda kwa utaratibu, na dereva atahisi gari limekuwa jepesi zaidi ingawa hakuna kilichoongezwa mwishoni mwa pedali.

Kwa mara ya kwanza usibadilishe kisanduku chochote kwa zaidi ya asilimia 10. Baada ya safu moja kukamilika, linganisha safu za kasi zilizo juu na chini yake, kwa sababu kompyuta hukokotoa thamani za katikati na tofauti kubwa kati ya safu jirani italeta gari linalobadilika tabia ghafla injini inapopanda mzunguko. Tazama jedwali kwa umbo la pande tatu: uso wake uwe mteremko laini usio na mashimo wala vichuguu.

Jedwali la Target Throttle liache. Limejengwa kulingana na namna injini inavyovuta hewa, na likibadilishwa, torki ambayo kompyuta inadhani inatoa haitalingana na inayotoka kweli. Majedwali na vikomo vinavyohusu ulinganifu wa sensa, hali ya tahadhari ya throto na ukataji wa mafuta visiguswe kwa sababu yoyote ile. Kodi inayojirudia hutibiwa kwa kutengeneza waya au sensa, wala haizimwi ndani ya programu, kwani ulinzi huo ndio unaozuia kilango kubaki wazi mguu ukiwa umeondoka.

Kuandika kompyuta

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kukataa kuwaka, kwa hiyo unganisha chaja imara kwenye betri, zima redio, taa na feni, na uchomeke kompyuta mpakato kwenye umeme wa ukutani. Izuie pia isilale yenyewe. Andika faili mpya kwa EcuFlash, ambayo husahihisha jumla ya uhakiki (namba inayothibitisha kwamba faili ni nzima) kama ufafanuzi ni sahihi, na usiguse ufunguo wala kebo mpaka ikuambie imemaliza.

Baada ya hapo zima swichi, tenganisha plagi za kijani kama zilitumika, kisha washa swichi bila kuwasha injini na usikanyage pedali kwa sekunde kumi hivi ili kompyuta ijifunze mahali kilango kinapofungwa. Washa injini uiache ipate joto lake la kawaida kabla ya kuendesha. Mzunguko unaoyumba kidogo dakika za mwanzo ni kawaida kwa sababu kumbukumbu za marekebisho ya mafuta zimefutwa.

Kujaribu

Gari likiwa limesimama, kanyaga taratibu na uachie, ukithibitisha kwenye skrini kwamba throto inarudi chini kila mara. Endesha polepole kwanza: kuondoka kwa gia ya kwanza, kutambaa kama kwenye foleni, kuondoka kwenye mlima, kurudi nyuma kwenye maegesho. Mambo hayo ya taratibu ndiyo yanayofichua pedali iliyozidishwa. Ndipo urudie vipimo vile vile vya barabarani ulivyofanya mwanzoni, katika gia na kasi zile zile, ili mistari iweze kulinganishwa.

Katika rekodi mpya angalia mambo matatu kwa makini. Shinikizo la turbo katika pedali ya kati lisizidi sana lile uliloliandika pembeni. Marekebisho ya kugonga yasionyeshe namba hasi zinazojirudia mahali pale pale, na IAM isishuke. Injini za turbo za soko la Japani zilitengenezewa petroli ya oktani 98 hadi 100, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo, kwa hiyo shinikizo dogo la ziada katika mzunguko wa chini linaweza kuanzisha kugonga, jambo ambalo faili asilia ilikuwa inalikwepa kwa shida. Jambo la tatu ni mchanganyiko wa hewa na mafuta wakati wa kukanyaga kwa ghafla. Kilango kikifunguka haraka kuliko zamani, mchanganyiko unaweza kukosa mafuta kwa muda mfupi na injini ikakohoa. Ukiona mojawapo ya hayo, punguza nusu ya badiliko katika visanduku vinavyohusika na uandike tena.

Kwa otomatiki, ongeza safari ndefu yenye mwendo wa kawaida. Gia zikianza kubadilika kwa kishindo, au gari likichelewa kupanda gia kwa pedali ndogo, rudisha namba za eneo hilo karibu na asilia, hata kama pedali yenyewe unaipenda. Gia boksi ni ghali kuliko raha hiyo. Jaribu pia mfumo wa kushikilia mwendo kama gari linao, kwani nao huomba torki kupitia kompyuta ile ile.

Wanaotaka njia ya mkato hufunga kisanduku cha umeme kati ya pedali na kompyuta. Kisanduku hicho hudanganya ishara ya pedali ili kompyuta idhani umekanyaga zaidi, kwa kasi zote za injini kwa pamoja, na hakijui chochote kuhusu mruko ulioukuta kwenye rekodi. Kinafaa kwa gari ambalo kompyuta yake haiwezi kuandikwa. Kwa Subaru hizi hakuna haja nacho.

Toleo litakalokuridhisha lihifadhi pamoja na faili asilia na rekodi zake, ukiandika ni safu zipi zilibadilishwa na kwa kiasi gani. Gari likienda kwa fundi kwa kazi nyingine mwambie kwamba kompyuta imeandikwa upya, kwa sababu anaweza kuweka programu mpya juu yake, na siku ya kuliuza rudisha faili asilia au mkabidhi mnunuzi faili zote mbili.